Niliwaambia Pumbani Wasitupigie

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Msicheke. Daktari alinimulika kooni, akazima tochi, akaniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia natangaza kwenye gari la zimamoto. Akasema, "Ulikuwa unatangaza." Imeisha hivyo. Kuongea kwa nguvu nimekatazwa, kwa hiyo naandika, na nitaandika kama ninavyoongea, maana namna nyingine siijui. Shule yangu ni darasa la saba na barabara.

Nyinyi watatu mnaochukua spika yangu, haya ni yenu. Wengine wakisoma, sawa.

Kikosi chetu mnakijua, cha gari moja, na hilo gari lilifika Ifakara likiwa limeshachoka. Wenye mashine za mpunga na watu wa soko ndio walioanzisha. Mimi wakati huo nilikuwa napanda nyuma ya pikipiki yenye spika, natangaza sumu ya panya, mechi, misiba, mbuzi aliyepotea. Siku moja tunapita mbele ya mashine, akatokea mtu mrefu, mabega yamejaa vumbi la pumba, akatusimamisha kwa mkono kama trafiki.

"Wewe dada, hiyo sauti ni yako au ya spika?"

"Ya kwangu. Spika inanibana tu."

"Basi kesho uje kituoni."

Huyo ndiye Kassian, bosi wangu miaka yote tisa. Zamani alikuwa dereva wa lori, na moto alianza kuuchukia siku lori lake lilipoungua barabarani yeye amesimama pembeni hana hata kopo la maji. Sasa hivi analima kijijini Mbingu, magoti yanamsumbua. Nasema mapema: mtu akimsema vibaya Kassian mbele yangu, hili koo bovu nitalitumia lote lililobaki.

Nilianza vibaya. Mara ya kwanza kupelekwa kutangaza ilikuwa hukohuko Mbingu, Jumapili. Kwenye sumu ya panya nilikuwa naanza kwa kupayuka, "Panya! Panya!" na watu wanageuka. Nikaona nifanye vilevile. Gari limesimama karibu na kanisa, nikawasha maiki, nikapiga kwa sauti yote Mungu aliyonipa, "Moto! Moto!" Misa ilikuwa haijaisha. Kwaya ilitokea madirishani. Mzee mmoja wa besi alikwama katikati, nusu ndani nusu nje, mpaka Kassian akaenda kumvuta. Padri akatoka na mavazi yake ya misa, akaniangalia, akarudi ndani kumalizia misa na viti vitupu. Afadhali angenitukana.

Kassian alingoja tufike barabarani. "Dada, lile neno si la kutangazia. Lile tunaliweka kwa siku yenyewe."

Tangu hapo nikawa naanza na salamu. Shikamooni wazee wangu, habari za kazi akina mama. Na nyinyi muanze hivyo, hata mkiwa na haraka.

Kijiji cha Kisawasawa nako nilichemka. Nimesimama sokoni, najua sana, nasema, "Jamani, kaeni mbali na nyasi kavu!" Bibi mmoja muuza ndizi akainua mkono kama yuko darasani. "Mjukuu wangu, nikakae wapi? Nyumba yangu ndiyo nyasi kavu." Soko zima likacheka. Njiani nilikuwa nimevimba, nikamwambia Kassian yule bibi amenidhalilisha. Akasema, "Amekufundisha bure, na ndizi amekupa." Kweli alikuwa amenipa ndizi. Kuanzia siku ile, kila nilichosema kilikuwa kitu ambacho mtu anaweza kukifanya kwa mikono yake akifika nyumbani. Mwagia majivu maji kabla hujayatupa. Weka ndoo ya mchanga nje ya jiko. Usichome shamba upepo ukiwa unaelekea kwa jirani. Basi. Ukimwambia mtu "awe makini", umemwambia nini?

Mambo mengine ni madogo lakini yashikeni. Zima injini kabla ya kuongea, la sivyo watu wanasikia injini. Azana ikianza, kengele ikilia, nyamaza. Mwezi wa tano na wa sita msitangaze mjini, mnatangazia kuku; watu wako mashambani wanavuna. Wafuateni. Mimi nimetangaza Chita asubuhi umande haujakauka, watu wamekaa nje ya vibanda wanakunywa chai ya rangi, na hao walinielewa kuliko mkutano wowote.

Pumba nazitenga, kwa sababu ndizo zilizoniletea haya ninayotaka kuwaambia.

Lile rundo la pumba nyuma ya mashine mnaliona kila siku. Kaa moja likidondokea, linaungua wiki nzima bila ndimi za moto. Juu panakuwa peusi, pamepoa, mbuzi anaweza kulala. Ndani ni tanuru. Maji ukiyamwaga juu yanateleza yanaenda zake, moto wala hausikii. Pumba inazimwa kwa kufumuliwa: jembe la mpini mrefu, unatandaza kidogo kidogo, unalowesha kidogo kidogo, umesimama kwenye ardhi ngumu, upepo mgongoni. Ukitaka kujua kama ndani kuna moto, chomeka mti mbichi, usubiri, uchomoe, ushike ncha. Na ule ubao mrefu uliofungwa juu ya gari ni wa kulaza juu ya rundo mtu akizama, upite juu yake kwa tumbo kumfuata. Ukimfuata kwa miguu mnazama wawili.

Sasa Pumbani. Jina la kwenye karatasi ni lingine, lakini mtaa ule ulio nyuma ya mashine wote tunauita Pumbani. Hapo aliishi fundi tofali anaitwa Baba Edga, Mngoni, na mke wake Mama Edga, mama mfupi, mdomo kama wa kwangu.

Mwezi wa nane mmoja, saa nane mchana, jiko la nyasi la Mama Edga likashika moto. Alitupigia mwenyewe. Shida ni kwamba tulikuwa tumetoka kuzima banda la mbao upande wa pili wa mji, tangi lina maji ya chini kabisa. Kassian akasema, "Twende, hayo kidogo ndiyo tuliyonayo. Tukijaza kwanza, nyumba itakuwa imekwisha." Tukaenda. Mpira ukatoa maji, ukatoa, ukakohoa, ukatoa hewa. Jiko likaanguka. Nyumba kubwa haikuungua, na hiyo niiseme, maana siku ile hakuna aliyeiona.

"Mmekuja kuosha gari?" Mama Edga huyo, kanga imejaa masizi.

"Zimamoto gani hamna maji!"

"Waongo hawa! Maji wanauza njiani!"

Kassian akawa anainua mikono awaeleze. Jiwe likatoka nyuma, sijui kwa nani mpaka leo, likampata mdomoni. Nikaona damu inashuka kwenye shati. Mtu aliyeniokota kwenye pikipiki, mtu asiyewahi kuninyanyulia sauti. Nikapanda juu ya gari nikawasha maiki.

Nitayaandika kama nilivyoyasema, ili msidhani nimejipendelea. Nilisema, "Nyie watu wa Pumbani, ng'ombe nyie! Hamna shukrani! Kuanzia leo mkiungua msitupigie! Sikieni vizuri, msitupigie! Zimeni kwa mikojo yenu!"

Spika ile inasikika mpaka stendi. Nikarudia mara tatu.

Kassian ameshika kitambaa mdomoni. "Umemaliza?"

"Bado!"

"Umemaliza. Shuka."

Kesho yake aliniambia niende kuomba radhi. Nilimwambia, "Wamekupasua wewe, halafu niombe radhi mimi? Waje wao!" Wiki iliyofuata akaniambia tena. Nikakataa. Mara ya tatu alisema taratibu, ulimi unapita kwenye pengo la jino, "Dada, jino ni langu. Mimi nimeshalisamehe. Wewe unalidai la nini?" Nikatoka nje nikabamiza mlango. Nilidhani huko ndiko kumpenda mtu.

Basi ikaenda hivyo. Wachekeshaji wa mjini wakawa wananipigia mluzi, "Dada Mikojo!" na mimi nawarudishia. Kutoka Pumbani simu haikulia. Nikasema safi, wametulia.

Mwezi wa kumi, asubuhi ya saa nne, niko kituoni naosha ndoo, nikaona moshi upande wa mashine. Moshi upande wa mashine ni wa kila siku. Nikaendelea kuosha. Ulipogeuka kuwa mweusi ndipo Kassian alipopiga king'ora cha gari. Tulifika tukiwa na tangi limejaa mpaka linamwagika.

Hakuna aliyetupa jiwe. Watu walisimama na ndoo zao wakatupisha njia. Nyumba mbili zilikuwa zinaungua, cheche zimeruka kutoka kwenye rundo. Nyumba tulizizima. Ndipo mama mmoja akamwambia Kassian kwamba Baba Edga ameshapelekwa hospitali kwa bodaboda. Alipanda kwenye rundo kuchota pumba za tanuru lake la tofali, kama siku zote, akazama mpaka mapajani. Walimvuta kwa mikono. Kila aliyemfuata alimzamisha zaidi. Ilichukua muda.

Nikauliza, kwa hasira, ndiyo, bado nilikuwa na hasira, "Sasa mbona hamkupiga simu? Ubao tunao juu ya gari!"

Yule mama akaniangalia tu, kwa mshangao, kama nimemuuliza jina langu mwenyewe.

"Si ulisema tusipige?"

Baba Edga alikaa hospitali siku tisa, akafariki.

Sasa niwaeleze kitu cha kwetu, maana mmoja wenu ni mgeni wa huku. Mimi Mpogoro, marehemu Mngoni. Sisi ni watani. Mtani msibani ana kazi yake: anaiga marehemu alivyokuwa anatembea, anadai alipwe ndipo kaburi lichimbwe, anawatukana wafiwa, na wafiwa wanacheka katikati ya kilio. Mimi kazi hiyo nimeifanya misiba mingi, naijua. Kwa hiyo watu wote walinipa njia. Jirani yangu akasema, "Wewe si mtani wao? Nenda kacheze utani, useme na yale ya kwenye spika yalikuwa utani. Yaishe." Hata mimi nikaona Mungu kanifungulia mlango.

Kassian peke yake hakunihimiza. Alivaa shati safi tukaenda.

Nilifika pale, turubai limejaa watu. Nikaokota tofali moja la marehemu, nikaliweka begani, nikaanza kutembea kwa kuchechemea kama yeye. "Nani amekanyaga tofali zangu mbichi? Wangoni nyie, mnanizika na tofali sijachoma?" Wazee wakaanza kucheka. Kicheko kikaanza kupanda. Nikageukia kwenye mkeka wa wafiwa, nikasema, "Na nyie Pumbani, hamjui utani? Mtani akiwaambia msipige simu, nanyi mnakaa kweli kama—"

"Nyamaza."

Mama Edga hakupaza sauti. Aliinua mkono tu.

"Mama, mimi mtani wenu," nikasema, bado nina tofali begani.

"Mtani wangu namjua. Mtani anakaa kwenye mkeka wangu, ananitukana tunaangaliana, na mimi namrudishia, halafu tunakula ugali sahani moja. Wewe ulitutukana umesimama juu ya gari, umeshika spika, sisi tuko chini tumeshika ndoo. Ningekurudishiaje?"

Akafungua fundo la kanga, akatoa simu.

"Namba yenu ninayo," akasema. "Mume wangu yuko ndani ya pumba analia, mimi simu nimeishika. Nimeifungua, jina nimeliona. Nikakumbuka ulivyosema. Nikawaambia wenzangu, ngoja tujaribu wenyewe kwanza."

Akairudisha simu kwenye kanga.

"Nikasema ngoja."

Nilishusha tofali. Nikapiga magoti kwenye mkeka nikasema nisamehe, kwa sauti ndogo, hata waliokaa karibu na sufuria hawakusikia.

"Mimi nimesikia," alisema Mama Edga. "Lakini ulitukana mtaa. Mtaa una milango. Na usije na spika."

Jioni tukirudi nilimuuliza Kassian kama tungepigiwa simu Baba Edga angepona. Tulipofika kituoni akaushika ubao juu ya gari. "Sijui," akasema. "Na wewe hutajua." Msije mkaniambia hapana ili nijisikie vizuri. Wala msiniambie ndiyo.

Nilianza mlango wa kwanza siku matanga yalipoondolewa. Nilikwenda kwa miguu, asubuhi asubuhi, mpaka mvua za kwanza zikanikuta bado naendelea. Kila nyumba nilikaa nikatukanwa. Wengine walinitukana kwa Kindamba ili nisielewe, na nilielewa. Babu mmoja alinikalisha juani, akanywa chai yake yote, kisha ndipo akasema, "Haya, anza." Mara mbili nilirudi nyumbani nikiwa nimefika kwenye kona. Hasira zangu mnazijua. Nilikuwa nauma kitambaa.

Lakini sikilizeni, kazi hii nilijifunzia pale. Miaka yote nilipita mtaa ule na spika nikiwaambia wao. Sikuwa najua kwamba nyumba ya tatu kuna bibi asiyetembea. Sikuwa najua uchochoro wa kisimani gari haliingii, lakini ukipitia nyuma ya msikiti linaingia. Sikuwa najua watu wengi walidhani tangi letu ni kama kisima, maji hayaishi, kwa hiyo yakiisha maana yake tumeyauza. Ningejuaje? Spika haina masikio.

Hilo la tangi nilimpelekea Kassian. Jumamosi moja tukawaita Pumbani wote kwenye uwanja wa mpira, gari limejaa. Kassian akawaambia akina mama waanze wimbo wowote wa harusi, na yeye afungue mpira. Wakaimba, maji yakatoka kwa nguvu, vigelegele, watoto wanalowa. Wimbo haukufika nusu. Mpira ukakohoa.

"Ndiyo yote?" akauliza yule babu wa chai.

"Ndiyo yote, mzee wangu."

"Sasa tulimpiga mtu jiwe kwa haya?"

Kassian akafungua mdomo akaonyesha pengo. "Jiwe lenyewe zuri. Jino lile lilikuwa linanisumbua tangu Krismasi."

Walicheka. Mama Edga hakucheka, alikuwa amesimama mwisho wa uwanja na kanga nyeusi. Lakini alikuja. Na tangu siku ile moto ukitokea mtaa ule, tunakuta ndoo zimepangwa mstari toka kisimani, wanajua mpira ukikohoa ni zamu yao. Fanyeni hilo kila mtaa, kila mwaka. Msieleze tangi kwa maneno. Limwageni waone.

Ulipita mwaka mzima na zaidi. Mchana mmoja tunakula, simu ya kituo ikalia. Nikaangalia kioo: Mama Edga Pumbani. Nikaweka kijiko chini. Nikapokea.

Kimya. Nasikia kuku, nasikia mtu anapumua. Nikataka kusema haloo, haloo, nikajizuia. Nikangoja. Kassian ameshaacha kula, ananiangalia, na mimi nangoja.

"Mtani," akasema. "Kuna moshi kwenye rundo. Njooni na ubao."

Tulifika mapema. Alikuwa mfanyakazi wa mashine, amezama mguu mmoja. Tulilaza ubao, Kassian akapita kwa tumbo, akatoka naye. Anatembea mpaka leo, mnamuona sokoni, na anajidai kama amejitoa mwenyewe.

Spika nawaachia, ina waya umelegea upande wa kushoto, uzungusheni kidogo. Ubao nimeupaka mafuta. Lakini kitu ninachowakabidhi hasa ni ile simu. Msiizime, msiipeleke nyumbani, msimwachie mtu asiyejua majina. Ikilia na jina la Mama Edga, mjue kwamba mpaka leo, kila akitupigia, mwanzo hukaa kimya kidogo.

Msikate.